Macho ya Vijinzi wa Mabibo na Macho ya Mdogo Wangu

Dagaa huvuliwa wakati wa giza, siku ambazo mwezi haupo, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mdogo wangu aliipenda kazi hiyo tangu utotoni, na alipomaliza shule akaingia kwenye chombo kimoja pale kwetu Mikindani. Chini ya taa alikuwa hodari. Anavuta wavu, anawaona dagaa wanavyometameta, anataniana na wenzake. Akigeukia upande ambao mwanga haufiki, anapapasa. Kamba anayoambiwa aishike iko karibu na goti lake na haioni, wakati wenzake mwanga wa nyota peke yake unawatosha. Msimu wa kwanza walimvumilia. Wa pili nahodha akamwambia abaki nchi kavu, na nyumbani ikaletwa habari kwamba kijana ni mvivu.

Majirani hawakusema mvivu. Wao walisema hakulishwa. Kila mama aliyewahi kukaa kliniki anajua kwamba mtoto asiyeona jioni amepungukiwa vitamini A, na ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Basi lawama zikamwangukia Mama. Akaanza kumpikia ini, matembele, kisamvu, viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Papai halikukauka mezani. Jirani mmoja akaleta na vidonge. Wengine wakanong'ona kwamba Bibi mzaa baba naye jua likizama alikuwa haonekani nje, kwamba marehemu Baba hakupanda baiskeli yake baada ya Maghribi, na kwamba ukoo ule umefungwa.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, hapa hapa Mtwara. Nilimpeleka mdogo wangu Dar es Salaam kwa daktari wa macho, akamtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Aliona madoa meusi pembeni mwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mishipa ya damu iliyosinyaa. Akasema ni retinitisi pigimentosa, ugonjwa wa kurithi, na kwamba vile vidonge aviache kwa sababu vitamini A ikizidi mwilini hudhuru ini la mtu. Tukarudi na karatasi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Wewe ndiye mwalimu wa mambo haya. Vitamini ni dawa ya macho au si dawa ya macho? Kama ni dawa, kwa nini kwa mwanangu isiwe?"

Swali hilo ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Jibu lake sikulipata kwenye kitabu cha kidato cha nne. Nililipata kwa vijinzi.

Aliyekulia kusini anawajua. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, korosho zikishanyofolewa, mabibo, yale matunda yake laini, hubaki marundo marundo chini ya mikorosho. Mengine huchukuliwa yakakamuliwe uraka, pombe ya mabibo. Yanayobaki huchacha, na harufu ile ya utamu uliogeuka ikianza tu, wanatokea: wadogo, wa rangi ya udongo, urefu wa milimita mbili tatu, wanaelea juu ya rundo bila kelele. Bwana shamba akisema nzi wa matunda huwa anamaanisha wengine, wale wakubwa wanaotoboa maembe yakiwa bado mtini. Hawa wangu hawatoboi chochote. Wanakuja kwenye tunda lililokwisha kuchacha, na wanachokifuata zaidi ni hamira inayolichachua. Katika rundo moja huwa kuna aina kadhaa. Wenye mistari myeupe mgongoni ni wa ukoo mwingine, nao nawaachia waende. Ninaowataka ni Drosophila melanogaster. Maabara za dunia nzima zinawafuga, na asili yao ni huku kwetu, kwenye misitu ya kusini na katikati mwa Afrika.

Kuwafuga ni rahisi. Chupa ya jemu, ndizi iliyoiva sana, punje za hamira, kitambaa mdomoni. Kwa joto la Mtwara, ndani ya siku kumi hivi yai linakuwa nzi kamili. Wanafunzi wangu hushika lenzi ya mkono na kutazama macho: mekundu, yamechukua sehemu kubwa ya kichwa, yamegawanyika vijicho vidogo vidogo vilivyopangwa kwa safu, kama 750 kila upande. Kila kijicho kina seli nane za kupokea mwanga, na kila seli ina kingo iliyojaa nywele ndogo zisizoonekana kwa lenzi yetu, makumi ya maelfu, zimebanana. Humo kwenye nywele hizo ndimo inamokaa protini ninayotaka kuieleza.

Inaitwa rodopsini, na ina sehemu mbili. Moja ni opsini, mnyororo mrefu wa amino asidi, vile vipande vinavyojenga protini, unaopenya ukuta wa seli mara saba, kwenda na kurudi. Nyingine ni kipande kidogo kilichoshikiliwa katikati ya mnyororo huo, kinachotengenezwa kutokana na vitamini A. Binadamu ana retinali. Kijinzi ana ndugu yake wa karibu sana. Opsini mwili unaijenga wenyewe kwa maagizo ya jeni, yaani maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya seli. Kile kipande mwili hauwezi kukianzisha. Lazima kitoke kwenye chakula. Nawaomba wasomaji washike hapo, kwa sababu swali la Mama limekaa hapo hapo.

Rodopsini iliyo tayari ni mtego uliotegwa. Kile kipande kimekunjwa, na opsini imekibana. Chembe moja tu ya mwanga ikikigusa, kinanyooka, opsini nzima inabadili umbo, mtego umefyatuka. Kwa kijinzi kinachofuata ni mfululizo wa haraka mno: protini ya pili inaamka, inaamsha kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za seli), milango kwenye ukuta wa seli inafunguka, chaji za umeme zinaingia, na ubongo unapata habari kwamba kuna mwanga. Yote hayo ni ndani ya sehemu chache tu za mia za sekunde. Milango hiyo inaitwa TRP, na ilijulikana kupitia vijinzi ambao macho yao yalianza kuona vizuri kisha yakazimika mwanga ulipoendelea. Walielezwa na watafiti mwaka 1969. Miaka mingi baadaye milango ya ukoo huo huo ikakutwa kwenye neva zetu. Mmoja wao ndio unaotuwashia ulimi tukila pilipili, na mtafiti David Julius alipata tuzo ya Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian kwa kazi ya namna hiyo. Huwa nawaambia wanafunzi hilo wakati wa mapumziko, wakiwa na mihogo ya kukaanga na pilipili mkononi, na hawalisahau.

Mtego uliofyatuka lazima utegwe upya, la sivyo jicho lingeona mara moja tu. Hapa kijinzi na binadamu wanaachana njia. Kwetu, retinali iliyonyooka inatoka kabisa ndani ya opsini, inasafirishwa hadi safu ya seli za jirani, inakunjwa upya huko, inarudishwa. Ndiyo maana ukitoka juani ukaingia nyumba yenye giza unasimama kwanza, unangoja. Kwa kijinzi kipande hakitoki. Kinabaki kimenyooka ndani ya opsini, na mwanga mwingine, wa rangi ya chungwa, unakikunja tena pale pale. Rodopsini yake kuu, Rh1, inafyatuliwa vizuri zaidi na mwanga wa samawati wenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 480, na ikishafyatuka hurudishwa na mwanga wa nanomita kama 580.

Kwa hiyo ule wekundu wa jicho una kazi. Wanafunzi wengi hudhani rangi nyekundu ndiyo inayoona. Rangi hiyo ni pazia. Inazuia mwanga wa samawati unaopenya kutoka pembeni usivuruge picha ya kijicho cha jirani, lakini inaupitisha ule wa chungwa na nyekundu uzagae ndani na kuitega mitego upya. Mwanasayansi Thomas Hunt Morgan alipopata nzi mwenye macho meupe huko New York mwaka 1910, nzi yule hakuwa kipofu. Alikosa pazia tu. Lakini mmulike nzi mwenye macho meupe kwa mwanga mkali wa samawati na mitego yake mingi itafyatuka kwa pamoja, naye atapofuka mpaka umpe mwanga wa chungwa. Kitu kidogo hivi, na kina mpango wa namna hii! Bado kinanishangaza kila msimu.

Kuna rodopsini nyingine ndani yake, Rh1 hadi Rh7 kwa jumla. Mbili zinapokea urujuanimno ambao sisi hatuuoni, moja samawati, moja kijani, moja iko kwenye vijicho vitatu vya utosini, na ya saba imekutwa hata ndani ya ubongo, kwenye seli zinazomwambia ni saa ngapi za mchana. Mwanga mwekundu sana karibu hauoni kabisa. Hilo tunalijaribu: chupa nusu imefunikwa kitambaa cheusi, tochi upande wa wazi. Kwa mwanga mweupe wote wanakimbilia tochi. Funga karatasi ya nailoni nyekundu nzito mbele ya tochi, ndani ya chumba cha giza, na wengi wao wanabaki walipo.

Sasa swali la Mama.

Chukua vijinzi uwalishe, tangu wakiwa mabuu, chakula kisicho na karotini yoyote, ile rangi ya papai na karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Jaribio hili limefanywa mara nyingi maabara. Jeni zao ni nzima, opsini inaagizwa kama kawaida, ila kile kipande cha katikati hakipo. Rodopsini inashuka hadi asilimia chache tu ya kiwango chake. Macho yanakuwa mazito kuona. Lakini seli zipo, zinangoja. Walishe karotini, na rodopsini inapanda tena. Hata kimeng'enya kinachoikata beta-karotini ya papai kuwa vitamini A, ambacho wataalamu walikitafuta kwa miaka mingi, kijinzi huyu alikuwa miongoni mwa viumbe wa kwanza kabisa kukifichua, mwaka 2000.

Mtoto aliyepungukiwa vitamini A yuko hivyo. Anajikwaa jioni kwa sababu mitego haina kipande cha kati. Mpe matone, mpe ini na maembe, na mara nyingi usiku unarudi ndani ya siku chache. Ila asicheleweshwe, maana kwa binadamu upungufu ukiendelea unakausha jicho lenyewe na kutoboa kioo cha mbele, na upofu huo haurudi nyuma.

Halafu chukua vijinzi wengine. Hawa chakula chao ni kamili. Kosa liko kwenye jeni ya opsini: herufi moja imebadilika, amino asidi moja imewekwa mahali pa nyingine, na mnyororo haukunjiki sawasawa. Opsini hiyo mbovu inakwama ndani ya seli, kwenye karakana inamotengenezwa, haifiki kwenye zile nywele. Mwaka 1995 watafiti walionyesha jambo lililonikaa moyoni kuliko yote: kijinzi akiwa na jeni moja nzima na moja mbovu, ile mbovu inaizuia hata nzima kukomaa. Seli zinaanza maisha zikiwa sawa, kisha zinachoka, zinasinyaa na kufa kadiri nzi anavyozeeka. Karotini haisaidii. Kipande cha kati kipo tele. Nyumba ya kukaa kipande ndiyo iliyoharibika.

Kwa binadamu kosa la namna hiyo lilipatikana mwaka 1990, kwenye amino asidi ya 23 kati ya 348 za rodopsini yetu, ndani ya familia zenye retinitisi pigimentosa. Tangu hapo makosa zaidi ya mia moja yamekutwa kwenye jeni hiyo hiyo. Rodopsini yetu inakaa kwenye seli za vijiti, takriban milioni 100 kila jicho, zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu na zimejaa pembeni mwa retina. Hizo hufa kwanza. Seli za koni, zinazoona mchana na rangi, ni chache na zimejikusanya katikati, nazo hubaki muda mrefu. Ndiyo maana mdogo wangu aliwaona dagaa chini ya taa na asiione kamba. Ndiyo maana mpaka leo anasoma ujumbe wa simu bila shida na anagongana na mtoto anayemjia kwa upande.

Jeni yake haijapimwa. Ugonjwa huu una jeni zaidi ya 50 zinazoweza kuuleta, na ya rodopsini ni moja, ingawa ndiyo inayojulikana zaidi kwenye ile aina inayopita kutoka kwa mzazi mmoja aliye nao. Bibi, kisha Baba, kisha yeye: mfuatano wetu unafanana na aina hiyo. Jina kamili la kosa sina. Njia yake naijua.

Nilimwelezea Mama barazani, mchana, nikiwa na chupa ya vijinzi na lenzi. Aliishika chupa kwa vidole viwili kwanza, kwa sababu kwake nzi ni uchafu. Kisha akaisogeza karibu, akafumba jicho moja, akakaa kimya akitazama. "Ana macho mekundu hivi, kumbe," akasema. Nikamweleza makundi mawili, wale wasiolishwa na wale ambao jeni imekosea. Nikamwambia wale wa kwanza ukiwalisha wanapona, wale wa pili hata uwape bustani nzima. Akauliza: "Na huyu wetu ni wa pili?" Nikasema ndiyo. "Na kwa Baba yenu?" Nikasema ndiyo, na kwa Bibi pia, na hakuna aliyefungwa na mtu.

Hakulia mbele yangu. Aliweka chupa chini, akataja jina la mama mmoja wa mtaani aliyemsema vibaya mbele za watu, akasema kesho atakwenda kwake. Na alikwenda. Sikuwepo, lakini nilisikia alimweleza habari za nzi kutoka mwanzo hadi mwisho, akiwa amesimama mlangoni, hakukubali hata kukaa.

Naona uchungu kwa wanawake wanaobebeshwa lawama hii. Kampeni ya vitamini A imeokoa macho mengi, na mimi mwenyewe huwahimiza wazazi wasikose matone ya Juni na Desemba. Lakini ujumbe umesikika nusu. Watu wameelewa kwamba kila asiyeona usiku hakula, na nusu ya pili haisemwi: mtoto akishapewa vitamini na usiku usirudi, au akiwa na babu, bibi, baba, mjomba aliyekuwa hivyo hivyo, apelekwe kwa mtaalamu wa macho achunguliwe retina. Tofauti ya haya mawili haijulikani kwa kuonja mboga.

Tiba ya kuzirudisha seli zilizokufa kwa mdogo wangu haipo kwa sasa. Ipo ya jeni nyingine, RPE65, inayohusika na ule ukunjaji upya wa retinali. Marekani waliiidhinisha Desemba 2017, na kimeng'enya hicho kina ndugu yake ndani ya kijinzi. Kwa hiyo sikati tamaa, ila simwahidi kitu. Anavaa kofia na miwani ya jua kama alivyoshauriwa. Anashona na kutengeneza nyavu mchana, na wale wale waliomshusha chomboni wanamletea nyavu zao. Jua likielekea kuzama anafunga kazi bila kujieleza kwa mtu.

Mwaka huu amechumbia. Alimwambia mchumba wake mwenyewe, kisha akaniita niongezee. Nilimweleza wifi yangu kwamba kama ni aina ninayodhani, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, awe wa kike au wa kiume, na anayerithi huanza kuonyesha dalili kwa umri tofauti, wengine utotoni, wengine wakiwa watu wazima. Alisikiliza kama mtu anayehesabu. Swali lake lilikuwa: akila vizuri akiwa mjamzito, haitasaidia?

Nikamwambia ale vizuri kwa ajili yake na mtoto, mboga za majani, papai, samaki, kama mjamzito yeyote. Jeni haitabadilika kwa hilo. Na vidonge vya vitamini A asinunue dukani kwa kuambiwa na jirani, kwa sababu vikizidi wakati wa ujauzito vinaweza kumlemaza mtoto tumboni. Akatoa simu, akaandika hayo mawili. Kisha akataka kujua ni umri gani mtoto anaweza kukaa ametulia mbele ya daktari wa macho, na kwa Dar es Salaam nauli ya basi kutoka Mtwara sasa hivi ni kiasi gani.